Tumepita Nyumba ya Mama Bijou

Kuna upande mmoja wa soko hapa Butembo ambao huwa naupita mbio, kama mtu anayechelewa mahali. Ni pale wanapouza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, wamelazwa juu ya meza kama mbao zilizopasuliwa. Harufu yao inakufikia kabla hujawaona. Wengine wakiisikia wanaona njaa. Mimi masikio yanapata moto, na macho yanatafuta pa kuangalia. Safari moja binti yangu alinivuta kikwembe nilichojifunga kiunoni akauliza, "Mama, juu ya nini siku zote tunakimbia hapa?" Nikamwambia ni nzi, wamezidi.

Si nzi.

Nilikulia Beni, upande wa Mulekera, katika nyumba ya mbao iliyopakwa chokaa, migomba nyuma, na mbele yake njia ya vumbi jekundu ambako pikipiki zilianza kulia kabla jogoo wetu hajawika. Mama yangu alikuwa shemasi. Wapo watu wanaoomba, na wapo wanaojua kuomba, na kanisa letu lote lilikubali kwamba Mama anajua. Sauti yake ilianzia chini, kama ya mtu anayesema na mgonjwa, ikapanda taratibu, ikafika mahali ikasimama. Kile kimya chake ndicho kilichowatoa watu machozi. Halafu alisema, "Ee Bwana," na mabati ya kanisa yakaitikia. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa naenda nyuma ya migomba, nafumba macho, nainua mkono mmoja, najaribu kile kimya. Sikujua kinajazwa na nini. Nilidhani ni kipaji cha kushika pumzi.

Wenzangu wa umri wangu hawahitaji niwaeleze ilikuwa miaka gani, ile ya waasi kuua watu mashambani. Shamba letu la kakao lilikuwa kaskazini, mbali kupita Mavivi ambako ndege zinatua, na ilifika wakati mtu akisema anaenda shambani, watu wa nyumbani wanamwangalia kama wanaaga. Majirani wawili walienda na hawakurudi. Baba akatundika panga ukutani. Kakao ikaiva bila mtu, ikaoza juu ya miti, na sisi tukaanza kula mara moja kwa siku. Baba alikaa mlangoni na redio yake, haongei. Mama ndiye aliyekuwa anazunguka, anakopa, anashona, anaomba.

Ni wakati huo Mama Bijou aliingia kanisani kwetu.

Alikuwa mke wa askari, ametoka mbali sana, Mbandaka, kwenye mto mkubwa. Bwana yake, ambaye sisi sote tulimwita kwa cheo chake, Adjudant, alikuwa ametumwa kulinda upande wa mashamba. Mama Bijou alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alivaa pane, vitenge vyenye rangi zilizotuumiza macho. Koro, kwaya yetu, ilipoimba, yeye alicheza. Sisi watu wa Beni tulikuwa tunaimba tumesimama wima kama miti ya uzio. Yeye alitoka kwenye benchi, akacheza na mtoto wake mgongoni, akajibu kwa Lingala wimbo uliokuwa wa Kiswahili. Wamama waliokaa karibu naye walijivuta. Bibi mmoja alisema habari za wake wa askari, si kwa sauti ndogo, "Bibi ya basoda. Leo iko hapa, kesho iko na mwengine." Benchi ikabaki na nafasi kubwa upande wake wa kushoto.

Mama aliinuka mahali pake mbele, akapita katikati ya kanisa watu wote wakiona, akaenda kumkumbatia. Akamshika mabega yote mawili, akasema, "Hapa ni kwenu." Kisha akaketi kwenye ile nafasi.

Nilikuwa na fahari iliyonijaa mpaka kooni. Shuleni siku iliyofuata niliwaambia wasichana wote: mama yangu hachagui watu.

Kuanzia hapo, kila mara kanisa likiisha, tulikuwa tunapeleka chakula kwa Mama Bijou. Sisi wenyewe tulikula kidogo, lakini kikapu kile kilijaa: maharage, ndizi, sombe ya majani ya muhogo katika bakuli la bati lenye maua ya bluu. Mimi ndiye niliyekibeba kichwani. "Usikiinamishe, itamwangika," Mama alisema akitembea mbele yangu. Mara moja nililalamika kwamba njaa inaniuma, na kwamba ndizi zile ni zetu. Hakukasirika. Alisema, "Tunapanda, Masika. Siku moja tutavuna."

Nililielewa neno hilo bila shida. Katika shule ya Jumapili tulifundishwa habari za mpanzi na mbegu, nyingine njiani, nyingine kwenye miiba. Nilibeba kikapu nikijua kabisa kichwani kwangu kuna Neno la Mungu, na shingo haikuniuma tena.

Mama Bijou alipanga chumba kimoja na kauwanja kadogo. Ukiingia ulipokelewa na ile harufu: makayabu wamelowekwa kwenye beseni ili chumvi itoke, maji yamekuwa meupe kama maziwa. Kwa pua yangu ya Beni ilikuwa kama kitu kimekufa. Baada ya muda ikawa harufu ya mahali ninapopendwa. "Ah, Masika, mwana na ngai!" alikuwa akipiga kelele, yaani mwanangu kwa Lingala yake. "Njo, njo. Umekula? Usinidanganye, ninaona macho." Alikuwa akinikalisha kati ya magoti yake anisuke, mikono yake ikinuka mafuta ya mawese, huku Bijou, aliyekuwa anajifunza kuongea, akiniita Ya Masika, yaani dada Masika, na kunitia vijiti vya kiberiti masikioni.

Na alikuwa anaomba. Kwanza sikujua kwamba ni maombi. Alikuwa anakoroga sufuria na kuongea, nikadhani anaongea na mimi. "Nzambe, ni mimi Mama Bijou. Leo chumvi iko, maji iko, mafuta hapana. Bwana yangu iko mu pori, umuangalie, maana ule mutu iko na kichwa nguvu. Na huyu mutoto Masika amekonda. Uone namna." Akaonja mchuzi, akaendelea kuniuliza habari za shule.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Mama, kwa huruma ya mtoto mkubwa, "Mama Bijou hajue kuomba. Anaambiaka Mungu mambo ya mafuta."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. "Mungu anasikia bote," alisema. "Lakini wewe usimuige."

Siku moja Adjudant alikuwa amerudi kupumzika. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Alikula sombe yetu mpaka akapangusa bakuli kwa kidole. Mama alikaa kwenye kiti kidogo, akamwacha amalize, halafu akasema kwa ile sauti yake ya chini, ya kwenye maombi, "Adjudant, kakao yetu inaoza kule. Tunaogopa kwenda siye peke."

"Mama," alijibu, "wewe unalisha mutoto wangu nikiwa hapana. Mimi nitashindwa kukusindikiza?"

Alitimiza. Alienda na Baba na Mama, yeye na wenzake wachache, wakasimama pembezoni mwa shamba na bunduki zao huku wazazi wangu wakikata kakao kama watu wanaoiba mali yao wenyewe. Walirudi na magunia yaliyolowa. Uwanja wetu ukafunikwa turubai, na turubai likafunikwa kakao, na harufu yake ya uchachu na utamu ikaingia mpaka kwenye mablanketi. Tukala mara mbili kwa siku. Nikapata viatu. Baba akaanza kupiga mluzi. Adjudant alienda nao tena, na tena.

Mama alitoa ushuhuda kanisani. Alisimama mbele, akakaa kimya kile kimya chake, akasema, "Bwana amefungua njia pasipo njia." Hakumtaja mtu. Aliyepiga "Amen!" kubwa kuliko wote alikuwa Mama Bijou, ameketi palepale nyuma, mikono juu, anamshukuru Mungu kwa baraka ya rafiki yake.

Kisha Adjudant akapelekwa mbele zaidi kaskazini, na huko akafa.

Tulienda kwenye kilio. Wamama walikaa juu ya mikeka, Mama akaombea, na hata wale waliojivuta siku ile walilia kwa sauti. Mama Bijou hakulia. Alikuwa anamwangalia Mama kama mtu aliyeanguka mtoni anavyoangalia tawi. Alimshika mkono, hakuuachia kutwa nzima.

Jumapili iliyofuata tulipeleka kikapu. Iliyofuata tena, Mama alisema, "Leo hapana." Nikadhani maharage yamekwisha. Ya tatu alisema hivyohivyo, na maharage nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Halafu Jumapili moja alijaza kikapu vizuri kuliko siku zote, na kuku ndani. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimemkumbuka Bijou, nimekumbuka kusukwa. Nilikipandisha kichwani, tukatoka, Mama mbele, mimi nyuma. Tulifika kwenye mti wa avoka, tukakata kona. Nikaiona nyumba. Mama Bijou alikuwa uwanjani anaanika nguo. Nikapunguza mwendo ili nigeuke.

Mama hakugeuka.

"Mama," niliita, "tumepita nyumba."

"Hatujapita."

"Kwa Mama Bijou ni hapa."

"Masika, tembea."

Nilidhani hakunielewa. Nilisimama njiani na kikapu changu, na Bijou akaniona. Alitoka mbio bila viatu, tumbo mbele, anapiga kelele, "Mama! Ya Masika iko nakuja na chakula! Ya Masika iko nakuja!" Alinikumbatia magoti nikayumba kidogo, na mchuzi ukanidondokea shingoni, wa moto.

Mama alirudi nyuma. Akainama, akamgusa mtoto kichwa kwa upole kabisa, akasema, "Rudia kwa mama yako. Tutapita siku ingine."

Kule uwanjani Mama Bijou alikuwa ameinua mkono kutusalimia. Mkono ulibaki juu. Alituangalia, akaangalia kikapu, akaangalia upande tunaoelekea. Halafu ule mkono ukashuka kwenye kamba, ukanyoosha nguo iliyokuwa imenyooka tayari.

Tulienda kwa mke wa kapiteni mpya, kwenye nyumba yenye lango la chuma. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, ametoka Kasai, hamjui mtu. Mama alimshika mabega yote mawili. Akasema, "Hapa ni kwenu."

Ni lilelile neno, na mikono ilishika mahali palepale.

Tulipokuwa tunarudi, kikapu kitupu kikinigonga mgongoni, niliuliza, "Na Mama Bijou?" Mama alisema bila kugeuza kichwa, "Wewe utakula nini, Masika? Utasoma na nini? Adjudant alikufa. Mufu hafungue njia."

Ndipo nikaijua mbegu tuliyokuwa tunapanda. Nililia njia nzima, lakini nisiseme nililia kwa huruma tu. Nililia kwa sababu ya wasichana wa shule niliowaambia. Tangu siku hiyo nikaanza kuzungukia njia ya nyuma nikienda kisimani, nisipite kwenye uwanja ule. Sikuwa nimefanya lolote, lakini aibu haikuuliza ni ya nani. Iliingia nyumbani kwetu kama moshi, ikakaa kwenye nguo za wote.

Alasiri moja ya Jumamosi Mama alikuwa anapiga pasi ya makaa nguo za kanisa. Alitazama dirishani, akaweka pasi chini haraka. "Anakuja," alisema. "Sema hapana niko. Sema nilienda Butembo." Akaingia nyuma ya rido, lile pazia la maua lililokuwa mlango wa chumba chao cha kulala.

Mama Bijou aliingia bila kungoja, kama zamani zile alivyozoea. Bijou alikuwa mgongoni, amelala. Mkononi alibeba bakuli letu la bati lenye maua ya bluu, amelifunika kwa kitambaa.

"Mama iko wapi?"

"Alienda Butembo," nilisema.

"Ah." Aliketi kidogo kwenye ncha ya kiti, akainuka tena. "Basi sitamuona. Nimepata nafasi mu lori, inatoka sasa hivi. Ninarudia kwetu, pole pole, njia ni mrefu. Nilikuja aniombee. Yeye anajua kuomba."

Rido lile lilikuwa fupi. Halikufika chini. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona vidole vya miguu vya Mama, vyote kumi, vimejikunja juu ya sakafu ya udongo. Na Mama Bijou alikuwa amesimama karibu kuliko mimi. Mpaka leo sijui kama aliviona. Nimejiuliza nikiwa jikoni, nikiwa kanisani, nikiwa kitandani namnyonyesha mtoto. Sijui.

"Si neno," alisema. "Kama yeye ndiye iko mu njia, basi ni mimi ninapaswa kumuombea."

Aliniwekea mkono kichwani. Hakufumba macho.

"Nzambe, ni mimi Mama Bijou. Mama Masika iko mu njia ya Butembo, na ile njia unaijua. Umurudishe muzima kwa batoto bake. Nilifika hapa hakuna mutu alinijua, yeye akaacha kiti yake akakuja kukaa na mimi. Ile siku usiisahau. Kama iko na uzito mu roho, umutulize. Na kakao yake ikauke vizuri, maana mvua inakuja. Ni ile tu."

Akaniweka bakuli mikononi. "Ni la kwenu. Kwetu haturudishe bakuli bila kitu." Aliniinamia akanusa nywele zangu, kama vile mtu anavyonusa mtoto mchanga, akatoka.

Ndani ya bakuli kulikuwa na kipande cha makayabu. Najua kilikuwa cha mwisho, kwa sababu kilikuwa kile cha mkia, kile ambacho mtu huwa anakiacha.

Mama alikaa nyuma ya rido muda mrefu. Pasi ilikuwa imelalia mkono wa shati la Baba, na nyumba ikaanza kunuka kitambaa kinachoungua. Alipotoka hakuitazama pasi. Alitazama bakuli. Halafu akakimbia. Sikuwahi kumwona mama yangu akikimbia; shemasi hakimbii. Alikimbia bila viatu, kilemba kikianguka, watu wa pikipiki wakimwachia njia, mimi nyuma yake nikiokota kilemba, mpaka pale malori yanapopakia. Lori lilikuwa limeondoka. Alisimama katikati ya maganda ya ndizi na mafuta yaliyomwagika, anahema, na kijana mmoja wa kupakia akamwuliza, "Mama, umesahau muzigo?"

Alisema, "Ndiyo."

Natamani niandike kwamba kuanzia hapo Mama aliacha kwenda kwenye lango la chuma. Hakuacha. Tulipeleka kikapu, kapiteni alituma watu, kakao ilikuja, mimi nilisoma. Lakini hakumshika tena mama yule mabega. Aliweka chakula mezani, akasalimia, akaondoka, kama mtu anayelipa mahali anapodaiwa.

Na hakuomba tena kanisani. Jumapili ileile, kesho yake lori lilipoondoka, mchungaji alimwita mbele kama kawaida. Mama aliinuka, akasimama, na kile kimya kikaja. Watu wakainamisha vichwa, wakangoja. Kikaendelea. Mtoto akakohoa. Mwishowe Mama akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi, "Mwengine aombe. Mimi hapana." Akaketi. Alifanya hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka wakaacha kumwita. Mchungaji akahubiri juu yake. Alisema tumwige mama huyu ambaye, pamoja na kipaji chote alichopewa, anapenda kuwapa wengine nafasi. Alisema huo ndio unyenyekevu. Watu wakageuka kutuangalia kwa upendo. Mama aliinamisha kichwa, nami nikainamisha changu, na bila shaka hilo nalo lilionekana kuwa unyenyekevu.

Hatukulizungumza. Nilikua, nikachumbiwa, nikahamia Butembo. Siku moja kabla ya harusi yangu Mama alikuja kunisaidia, tukakaa nyuma ya nyumba tunapepeta maharage. Alikuwa amezeeka, mgongo umeinama. Mvua ilikuwa inajikusanya juu ya vilima. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Mama, Mama Bijou ulimupendaka hata kidogo?"

Aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka, yakatua kwenye nywele zake nyeupe. Alichagua jiwe moja, akalitupa, akachagua lingine.

"Nilianza kumupenda nikiwa nyuma ya rido," alisema. "Lakini miguu ilikataa kutoka."